Kidirisha cha Wayua

Walikutana ndani ya saiba, duka la intaneti lililojaa watu, siku ya soko mjini Machakos, mwaka wa 2008, wakigombania kiti kimoja. Wayua, mwalimu wa kompyuta, alivaa sketi ya kijani na viatu vilivyojaa vumbi. Nzuki, fundi wa kompyuta kutoka Kithimani, alivaa shati jeupe lililonyooshwa kupita kiasi. Walinuniana, wakacheka, wakapendana. Lakini walionana kwa kujificha, maana mamake Wayua hakutaka kusikia habari za mwanamume ambaye hajaleta mbuzi wa posa.

Balaa ilianzia kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Wayua alitaka kuifundisha, kwa hiyo Nzuki akamtengenezea ile kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, akamletea kwenye flashi, akamsihi aifungue akiwa peke yake.

Kwa Nzuki ilikuwa imejaa skrini nzima. Kwa Wayua kikatokea kidirisha katikati, vitufe vya chini vimekatwa. Alizima, akawasha, akasonya, kikabaki vilevile. Na kwenye picha ya nyuma, kwa maandishi makubwa mekundu: "Wayua, sitaki tena kukuona".

Mtu mwingine angeuliza. Wayua alizima simu na kulia hadi macho yakavimba. Nzuki naye, badala ya kuja, akakaa Kithimani akinung'unika kwamba amenyimwa hata jibu. Watu wazima hao.

Wiki ikapita. Darasa lilipokaribia, Wayua akampigia.

"Sikupigii kwa mapenzi," alisema. "Niko na darasa kesho na hii Linux yako imekataa kupanuka."

"Kwanza nijibu kile nilikuuliza."

"Uliuliza nini? Si ulisema hutaki kuniona?"

Nzuki akataka kujua skrini ina ukubwa gani. Wayua akamsomea: mia sita na arobaini kwa mia nne na themanini. Nzuki akaguna kama aliyekanyagwa.

Akamwelekeza pole pole: kwenye menyu ya juu aingize CD ya viongezi, ile ya kuifanya Linux ijae skrini, aifungue, asakinishe, halafu awashe upya. Kitufe cha kukubali kilikuwa kimefichika chini, kwa hiyo ashike Alt na kuvuta dirisha kwa mausi mpaka kitokee. Wayua alifanya yote huku akilalamika, simu ameibana begani.

Mashine ikawaka. Kidirisha kikatanuka hadi pembeni, na picha ikaonekana yote: "Wayua, sitaki tena kukuona kwa kuibaiba. Nilete mbuzi kwenu lini?"

Alikasirika na kufurahi kwa pamoja, na machozi yakamtoka tena.

"Nzuki, mwanaume mzima, unaposa na skrini?"

"Niliogopa kusema na mdomo, mwendwa."

Wayua akajifuta kwa kiganja.

"Kuja Jumamosi," alisema. "Na mbuzi wawe wakubwa. Vitu vidogo nimechoka navyo."