Vidudu Vikali Bwawani kwa Jaza

Mimi ndiye mfugaji samaki hodari kuliko wote mtaani kwetu. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti kando ya bwawa na kumwonyesha mkwe wangu anapokosea. Ndoo sijawahi kuibeba.

Mkwe wangu tunamwita Jaza. Akiona nafasi, lazima aijaze. Gunia analishindilia mpaka linapasuka. Bwawa lake la perege alilijaza hivyohivyo. Tena kila asubuhi alitia dawa kidogo, kama mtu anayekoleza chumvi kwenye mchuzi.

"Dawa ya nini, na hawaumwi?" nilimwuliza.

"Ya kinga, mama."

Zamani samaki walikuwa wakifa mmojammoja. Mwaka huu ugonjwa ulikuja na hasira zake. Samaki walitoka vidonda, wakaelea matumbo juu. Dawa haikufua dafu.

Binti yangu akashika jembe. "Bwana, hili bwawa nalifukia. Napanda viazi."

"Mke wangu, nipe nafasi moja tu!"

"Moja. Wakifa tena, viazi."

Jaza akatoka mbio kumwita afisa wa ufugaji samaki. Yule mama alifika na mabuti yake, akachungulia majini.

"Hawa unawafuga, au umewapanga kama kuni?"

Tulicheka, isipokuwa Jaza.

"Ugonjwa ni uleule wa zamani," Jaza alisema. "Mbona sasa umekuwa mkali?"

"Umeulea wewe, baba. Vidudu vya ugonjwa havifanani. Vipo vipole, vipo vikali. Kidudu kikali humwua samaki upesi. Samaki wakiwa wachache, kidudu hicho kinakosa pa kuhamia, kinakufa naye. Wakibanana, jirani yuko hapohapo. Kinahama, kinaua, kinahama tena. Basi vikali ndivyo vinavyoongezeka."

"Kama wapangaji wakorofi," nikasema.

"Umepatia, mama. Na ile dawa ya kudonoadonoa inaua vidudu dhaifu tu. Sugu vinabaki, vinazaa sugu vingine."

Jaza akakuna kichwa. "Kumbe nilikuwa nafuga vidudu, si samaki!"

Kazi ikaanza. Tuliwatoa samaki wote, waliokufa tukawafukia mbali na maji. Bwawa tulilikausha mpaka tope likapasuka kwa jua, tukanyunyiza chokaa. Wavu tuliufua na kuuanika. Kisha Jaza akatia vifaranga wachache wazima. Dawa ikawa marufuku mpaka afisa apime ugonjwa, na akiitoa, ni dozi kamili.

Nasema tulifanya. Mimi nilikuwa kwenye kiti.

Samaki wakanenepa, raha tupu! Siku ya kuvua, walirukaruka wavuni hadi wakatulowesha sote. Binti yangu ndiye aliyevuta wavu kwa nguvu kuliko wote, huku anaimba. Viazi akavisahau kabisa.

Afisa naye alikuja. "Hongera, baba. Hujaongeza wengine kwa siri?"

"Mimi? Hata mmoja, haki ya Mungu!"

Nikaenda jikoni kuchota maji ya chai. Nikafunua pipa. Maji yakanikodolea macho.

"Jaza! Njoo!"

Wakaja wote watatu. Pipa lilikuwa limejaa vifaranga vya perege, wamebanana hata mkia hawawezi kupiga.

"Siwajui hao, mama," Jaza alisema. "Labda wamezaliwa humo."

"Ndani ya pipa lenye mfuniko?" binti yangu akauliza. "Na baba yao ni nani?"