Mshipi wa Suma

Mwani hutoka baharini ukiwa wa kahawia. Ukiuchovya kwenye maji yanayochemka, hugeuka kijani papo hapo. Kinue ameona jambo hilo kila mwaka tangu aolewe katika kijiji cha Nezuhama, na kila mwaka humfurahisha. Lakini siku hiyo alikuwa anachovya mwani bila kuutazama.

"Mama Chihaya!" mumewe, Sadaharu, alipiga kelele. "Umeupika mpaka umekuwa uji. Tumuuzie nani sasa, vikongwe wasio na meno?"

"Niache. Nazitaja nyumba."

"Nyumba gani?"

"Za kijiji. Nimewasahau tena kina Sugawara."

Sadaharu hakuelewa. Alichukua koleo na kuuopoa mwani mwenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mwaka, mwezi wa tatu, king'ora hulia Nezuhama. Ni mazoezi ya kukimbia wimbi kubwa la bahari. Watu wote hupanda ngazi za mawe hadi kwenye hekalu lililo mlimani. Hukaa huko mpaka mwenyekiti wa kijiji atangaze kwamba sasa wanaweza kushuka. Mwaka jana walipanda vizuri, lakini baridi ilikuwa kali na bahari ilikuwa imetulia. Mmoja alikumbuka sufuria yake. Mwingine alikumbuka mbwa. Wakaanza kushuka kabla mwenyekiti hajasema neno.

Wa kwanza kushuka, tena mbio, alikuwa Chihaya, binti wa Kinue. Ana umri wa miaka tisa. Alikuwa amesahau glavu zake.

Watu walicheka. Kinue hakucheka. Tangu siku ile alijiuliza swali moja tu: je, king'ora kingekuwa cha kweli?

Mwenyekiti, Mzee Igarashi, naye alikasirika. "Watoto hawajui kilichotokea hapa," alisema mkutanoni. "Zamani wimbi lilikimeza kijiji hiki. Tuwasimulie. Mama Chihaya anajua kuchora. Atutengenezee hadithi ya picha, aisimulie siku ya mazoezi."

Hadithi ya picha ni kadi kubwa zilizochorwa. Huwekwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye milango midogo, na msimulizi huzivuta moja moja. Watazamaji huona picha. Msimulizi, aliyesimama upande wa pili, husoma maneno yaliyoandikwa nyuma. Kinue alichora majira yote ya baridi. Kisha aliwaita watoto kwenye ukumbi wa kijiji ili ajaribu.

Watoto walikaa mkekani. Nyuma yao alikaa Ritsuko, dada wa maktaba, ambaye huja Nezuhama na gari la vitabu.

Kinue akafungua milango ya kisanduku.

"Nyumba ya kina Igarashi ilikuwa na watu wanane na mashua mbili," alisoma. "Halafu ardhi ikatetemeka. Nyumba ya kina Sugawara ilikuwa na watu sita. Halafu ardhi ikatetemeka. Nyumba ya kina Hatakeyama…"

"Kwani yalikuwa matetemeko mangapi?" aliuliza mtoto mmoja.

"Moja."

"Mbona kila nyumba ina lake?"

"Ni lile lile. Sikilizeni."

"Mama Chihaya, huyo babu si alikufa kwenye picha ile nyingine?"

"Ndiyo, alikufa."

"Mbona anakula wali?"

"Hapa ni kabla."

"Kabla ya nini?"

Kinue aliitazama kadi. Hata yeye hakuwa na hakika tena. Alivuta kadi mbili kwa pamoja bila kujua. Sasa maneno na picha havikulingana. Mbele, watoto waliona wimbi kubwa jeusi likivunja nyumba. Nyuma, Kinue alisoma, "Mtoto mchanga alipenda sana kuogeshwa."

Watoto walicheka mpaka wakagaagaa. Chihaya peke yake hakucheka. Aliinama akaficha uso.

Walipoondoka, Ritsuko alibaki kumsaidia kukusanya kadi.

"Picha zako ni nzuri, dada Kinue," alisema. "Ila mimi nilipotea."

"Ulipotea wapi?"

"Kwenye nyumba ya pili."

"Lakini yote ni kweli! Niliwauliza wazee. Sijaongeza hata chumvi."

"Najua. Yote ni kweli. Lakini bado haijawa hadithi."

"Sikuelewi," Kinue alisema. "Yaliyotokea yalitokea. Nikianza kuyapanga nipendavyo, si nitakuwa nimeongopa? Na juu ya wafu?"

Ritsuko alikaa mkekani. Kisha akauliza, "Mbwa wa Mzee Igarashi alipoiba samaki, ulinisimulia pale kwenye gari la vitabu. Ulianza na nini?"

"Na mbwa, bila shaka."

"Hukuanza na idadi ya nyumba za kijiji?"

"Za nini? Mwizi ni mbwa."

"Mbwa alitaka nini?"

"Samaki wa kuchoma."

"Nani alimzuia?"

"Mzee mwenyewe. Alikaa mlangoni na fagio kama askari." Kinue alianza kutabasamu. "Basi mbwa akajilaza, akajifanya mgonjwa. Akalia kidogo, hivi: uuu, uuu. Mzee akaweka fagio chini, akaenda kumletea maji. Mbwa huyooo!"

"Ikaishaje?"

"Mzee alikula wali mtupu. Na mpaka leo hula amefunga mlango."

"Hayo yalitokea kweli?"

"Kweli kabisa. Mke wake ni shahidi."

"Na ulisema kila kitu kilichotokea siku ile?"

"Hapana. Ningesema kila kitu tungekesha."

"Basi ulichagua," Ritsuko alisema. "Hukuongopa. Ulimfuata mmoja. Alitaka kitu. Kikatokea kizuizi. Akaamua kufanya jambo, na baada ya hapo mambo hayakuwa kama mwanzo. Tena hukusema 'halafu, halafu, halafu'. Ulisema 'lakini' na ulisema 'basi'. Jambo moja lilizaa jingine. Matukio ya kweli yana umbo hilo ndani yake. Kazi yetu ni kulitafuta."

Tabasamu la Kinue lilitoweka.

"Mbwa ni mbwa, dada Ritsuko. Hawa ni wafu wa watu. Wewe unakaa mjini, hujui. Hapa ukirudi safari na keki za zawadi, unapeleka kila nyumba, au hupeleki hata moja. Kila nyumba ilipoteza mtu. Kwa hiyo kila nyumba nimeipa kadi yake. Nikimchagua mmoja, wengine wataninyima salamu."

Sasa Ritsuko ndiye aliyechanganyikiwa. Hilo hakuwa amelifikiria. "Kumbe ndiyo sababu," alisema polepole. "Nipe siku moja."

Siku iliyofuata alikuja nyumbani kwa Kinue. Kazi ilikuwa ya kutenganisha majani ya mwani na vikonyo vyake. Ritsuko alipewa kigoda karibu na Bibi Towa, mama yake Sadaharu. Bibi Towa huongea kidogo, lakini mikono yake hukimbia.

"Binti," Bibi Towa alisema baada ya muda, "unatupa majani na kuweka vikonyo. Ukiendelea hivyo tutafilisika kabla ya jioni."

Ritsuko alicheka na kuomba radhi. Kisha akasema, "Bibi, nina swali. Siku ya kuwakumbuka wafu, majina husomwa wapi?"

"Kwenye jiwe. Majina yote yamechongwa. Mwenyekiti huyasoma yote, nasi hutoa maua."

"Hakuna nyumba inayorukwa?"

"Jiwe haliruki mtu."

Ritsuko alimgeukia Kinue. "Basi kazi ya kuwataja wote inafanywa na jiwe. Hadithi ina kazi nyingine. Inatakiwa mtoto ajione yeye yuko pale, aogope na achague. Mtoto hawezi kuwa watu mia. Anaweza kuwa mmoja."

"Mmoja yupi?" Kinue aliuliza. "Hapo ndipo ninapokwama."

Mikono ya Bibi Towa ilisimama.

"Mama yangu alikuwepo," alisema.

Kinue alimtazama. Alikuwa ameishi na mkwewe miaka mingi na hakuwahi kusikia hayo.

"Aliitwa Suma. Alikuwa mdogo kama Chihaya wetu. Ardhi ilitetemeka kabla ya kukucha, na watu wote wakakimbilia hekaluni. Mnasikia? Wote. Walipanda wote. Wakangoja. Baridi ikawachoma, na bahari kimya. Basi wakaanza kusemezana, 'Twendeni tukalale.' Babu yangu akasema, 'Nimeacha vibao vya marehemu.' Vile vyenye majina ya wazee wetu, tunavyoviwekea wali na chai kila asubuhi. Aliona aibu kuwaacha wazee peke yao chini. Akamwambia mama, 'Kaa na mdogo wako hapa hapa mpaka nirudi.' Akashuka."

"Mdogo wake je?" Kinue aliuliza.

"Alilia anamtaka baba. Akaponyoka na kukimbilia ngazini. Mama akamkamata, akavua mshipi wake wa kiunoni, akamfunga nao kwenye nguzo ya lango la hekalu. Kimono chake kikawa wazi kwenye baridi ile, akakishika kwa mikono. Majirani wakishuka wakamcheka. 'Wee mtoto una wazimu? Bahari imelala. Njoo ukaote moto.' Hakwenda. Baba alisema angojee, akangojea."

"Kisha?"

"Kisha wimbi likaja."

Maji yalichemka jikoni.

"Kwa hiyo kwenye wimbi ndipo hadithi inapogeuka," Ritsuko alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana," Kinue alisema. Alijishangaa mwenyewe kusema hivyo. "Wimbi halikuchagua mtu. Lilikuja tu. Yeye alichagua alipovua mshipi. Mambo yalibadilika pale, ila bado hakuna aliyejua."

Ritsuko aliweka mwani chini. "Uko sahihi," alisema. "Ningekufundisha vibaya."

Jioni hiyo Kinue alizitandaza kadi sakafuni, akaondoa nyingi. Alichora mpya. Kwenye moja alimchora baba akiwa amekumbatia vibao, na nyuma yake akaandika: *Baba alilia, "Nisamehe, Suma!"* Ritsuko alipoisoma aliuliza, "Nani alimsikia?"

"Hakuna. Lakini inasikitisha vizuri."

"Kama hakuna aliyesikia, hatujui. Kuchagua tunaruhusiwa. Kubuni, kwenye jambo la kweli, hapana. Mtoto akigundua kimoja cha uongo, hatauamini hata mshipi."

Kinue aliyafuta maneno hayo, akamchora baba upya akishuka ngazi tu. Mahali pake aliandika: *Suma hakumwona baba tena. Hatujui alifika wapi.*

Kabla ya siku ya mazoezi, Kinue alipita nyumba kwa nyumba na pakiti za mwani. Alieleza kila mahali: majina yote yatasomwa kwenye jiwe kama kawaida, lakini hadithi itamfuata mtoto mmoja. Wengi walikubali. Mama Sugawara peke yake alisimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Waliomcheka yule mtoto," alisema mwishowe, "mmoja wao alikuwa wa nyumba hii. Sisi tunajua. Utasema?"

Kinue hakuwa amejua hilo. "Nikiacha kusema kwamba walicheka, watoto hawataelewa ilikuwa vigumu kiasi gani kubaki," alijibu. "Lakini jina silihitaji. Nitasema 'majirani'."

Mama Sugawara alipokea mwani. "Sema," alisema. "Hata nasi tulimpoteza huyo wetu kwa sababu alishuka."

Siku ya mazoezi ilifika. King'ora kililia, na kijiji kizima kikapanda. Upepo wa baharini ulikata masikio. Kinue aliweka kisanduku chake kwenye baraza la hekalu na kuanza: "Suma alitaka baba yake arudi."

Hakuna mtoto aliyeuliza ni nani amekufa. Majirani walipomcheka Suma, mtoto mmoja alipaza sauti, "Usiende!" Kinue alipofika kwenye mshipi, hata watu wazima waligeuka kuitazama nguzo ya lango. Ilikuwa ile ile.

Hadithi iliisha. Mwenyekiti alikuwa bado hajatangaza kitu. Baridi ilizidi. Watu walipigapiga miguu chini, wakatazama bahari. Ilikuwa imetulia kabisa.

Hapo Kinue akashika kichwa. "Sadaharu! Ulizima jiko la mwani?"

"Mimi? Si wewe ndiye uliyekuwa jikoni!"

"Ee mama yangu. Nashuka mara moja tu. Nakuja sasa hivi."

Akapiga hatua mbili kuelekea ngazini. Hatua ya tatu haikuwezekana. Kitu kilimvuta kwa nyuma. Aligeuka. Mkanda wa aproni yake ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya lango, fundo juu ya fundo. Chihaya alikuwa ameukamata kwa mikono yote miwili.

"Mwenyekiti hajasema," Chihaya alisema.

"Mwanangu, mwani utaungua!"

"Uungue."

Kuna waliocheka. Lakini hakuna aliyemwambia Chihaya aache. Mama aliyekuwa ameanza kumfuata Kinue alirudi taratibu mahali pake. Mwingine akakaa chini. Mama Sugawara alivua shali yake na kuwafunika watoto wawili wa nyumba nyingine. Bibi Towa aliitazama nguzo, kisha mjukuu wake, akafuta macho kwa mkono wa kimono.

"Basi," Sadaharu alisema, "mwaka huu tunawauzia vikongwe."

Walikaa. Walikaa mpaka Mzee Igarashi alipotangaza, na hapo wakashuka wote kwa pamoja, polepole, wazee wakitangulia.

Ila Kinue alibaki kidogo. Fundo lilikuwa gumu, na vidole vya Chihaya vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi asiweze kulifungua. Kinue aliishika mikono yake na kuipulizia hewa ya moto.

"Glavu zako ziko wapi?"

"Nyumbani," Chihaya alisema. "Nilizikumbuka tulipofika tu hapa juu. Lakini mwenyekiti alikuwa hajasema."