Sauti ya Juu Haikuwa ya Tijana

Mlinzi wa mlango wa nyuma alikisoma kitambulisho cha Stana, akakigeuza, akakisoma tena, kisha akatikisa kichwa.

"Hapa pameandikwa mgeni. Wageni wanapitia mbele."

"Kaka yangu, mimi ni mwimbaji."

"Wa nchi gani?"

Stana akauma mdomo. Alikuwa ameagizwa asiseme. Nyuma yake foleni ilikuwa inasukumana: wacheza dansi wenye manyoya kichwani, wanaume wawili waliobeba farasi wa plastiki asiye na kichwa, na dada mmoja aliyevaa gauni la vioo vitupu, hawezi kukaa wala kuinama, analaani kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Belgrade nzima ilikuwa imewaka kwa Mashindano ya Nyimbo ya Mataifa, na ukumbi ule mkubwa wa mtaa wa Novi Beograd ulikuwa unanguruma kama tumbo lenye njaa.

Hapo akatokea kijana mmoja mrefu, mwembamba, masikio yamemtoka, mikono imejaa rolo za utepe mweusi kama bangili.

"Ahaa, mama mkaguzi!" alisema kwa sauti. "Tumekungoja tangu asubuhi!"

"Mkaguzi wa nini?" mlinzi akauliza.

"Wa moto, bwana. Huoni alivyovaa?"

Stana alikuwa kavaa nyeusi kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu, vifungo vyote vimefungwa, nywele zimebanwa nyuma hadi nyusi zimeinuka. Hakupepesa jicho. Alimtazama mlinzi toka juu mpaka chini.

"Mtungi wako wa kuzimia moto uko wapi?"

Mlinzi akageuka kuutafuta.

"Nikirudi niukute," Stana akasema, akapita.

Walicheka hadi ikabidi waegemee ukuta, huku watu wakiwapita mbio.

"Umejuaje nimekwama?"

"Mimi ndiye nitakayekufunga maikrofoni. Nimeambiwa nimtafute mtu ambaye hayupo. Nikaona mtu kavaa kama mjane wa jenerali, nikasema ndiye huyu." Alimpa mkono. "Relja. Nawe unaitwa nani, wewe usiyekuwepo?"

"Stana. Wa Nikšić."

"Mmontenegro! Ninyi mnaosifika kwa uvivu! Basi samahani, tumekusimamisha wima muda mrefu mno. Nikuletee godoro?"

"Nawe ni wa Belgrade. Nimejua. Bado hujajisifu, lakini naona inakuwasha."

Nyota wa Montenegro alikuwa Tijana, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye gauni la fedha lililomeremeta kama magamba ya samaki na uso ambao kamera zilikuwa zinaukimbilia. Wimbo wake ulianza chini, polepole, kisha ukapanda mpaka mwisho ukafika kwenye sauti moja ya juu, ndefu, iliyowatoa watu machozi. Sauti ile haikuwa ya Tijana. Alipasuliwa koo majira ya baridi, na tangu hapo hakuweza kuifikia. Alikuwa anafumbua mdomo tu na kuinua mikono. Aliyeimba ni Stana, nyuma ya pazia jeusi, gizani, mahali ambapo kamera hazifiki.

Waliojua ni wachache: Tijana mwenyewe, Bi Zorica aliyeongoza msafara wao, na Stana. Na Relja, kwa kuwa kila sauti ilipita mikononi mwake.

Katika kila zoezi Relja alikuwa anasimama nyuma ya Stana kuufunga waya shingoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, kwa hiyo kwanza alivipulizia pumzi. Siku ya kwanza Stana alidhani ni mazoea ya kazi. Kisha akamwona akiwafunga watu wa Slovenia, wala hakupuliza kitu.

"Kumbe ni mimi tu ninayepashiwa moto?" alimwambia.

Masikio yale makubwa yakawa mekundu.

Siku waliyopewa mapumziko walikwenda Zemun. Stana alivaa gauni la njano lenye mikono mifupi na kuziachia nywele, upepo wa mto Danube ukazifanya ulivyotaka. Relja alisimama na burek, mkate wa nyama, mkononi, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, asile.

"Nini?"

"Nangoja yule mama mkaguzi aje akukamate."

"Kula wewe, inapoa."

Walikaa kwenye ngazi za mtoni, wakinywa mtindi kwenye bilauri za karatasi. Mabata maji weupe walisogea kuomba mkate. Stana alimsimulia maisha yake ya sanduku na hoteli. Alikuwa ameimba nyuma ya watu wa Malta, nyuma ya watu wa Latvia, nyuma ya harusi za matajiri wa Budva. Hakuwahi kukaa mahali mpaka maua ya dirishani yakamzoea.

"Na mbele ya nani?" Relja akauliza.

"Mbele ya nani nini?"

"Umeimba nyuma ya watu wote hao. Umeimba mbele ya nani?"

Stana aliwatupia mabata kipande kizima cha burek, wakagombana. Waliporudi, ndani ya basi lililojaa, alimwimbia sikioni, taratibu, wimbo wa bibi yake, na Relja akapitiliza kituo chake.

Tangu siku hiyo simu ya Stana ikawa haipoi.

"Umeamka, moyo wangu?"

"Mtu wa Nikšić haamki. Huzinduka."

"Basi zinduka. Nimekuota."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa mbele, umesimama kwenye taa. Mimi nilikuwa nakutafuta nyuma ya pazia kama mwehu."

Nusu fainali waliivuka. Asubuhi ya siku ya fainali, Bi Zorica aliingia chumba cha chai cha hoteli na kiatu chake kikigonga sakafu kama nyundo, akaitupa simu mezani, kati ya mayai na malai ya kajmak. Gazeti moja la udaku lilikuwa limeandika kwa herufi kubwa: TIJANA ANAFUMBUA MDOMO TU. Jina la Stana halikutajwa. Waliandika "mwanamke aliyefichwa".

"Nani amesema?" Bi Zorica alimtazama Stana peke yake. "Nimeona unavyotembea na yule fundi."

Stana alitoka hadi kwenye veranda, akapiga simu.

"Relja, umemwambia nani?"

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Relja!"

"Mama yangu."

"Mama yako?"

"Mama tu, Stana, nakuapia. Nilikuwa najivuna. Nilimwambia yule anayewaliza watu pale mwisho ni wewe. Nilitaka akujue kabla hajakuona."

"Mama yako ana saluni, Relja."

"Ana saluni," alikubali, kwa sauti ndogo.

"Saluni! Ungeenda kulisoma redioni lingekuwa limefichika zaidi! Unajua nimefanya kazi hii miaka mingapi bila kutoa pumzi? Mdomo wangu ndio mkate wangu, na wewe umekwenda kuupaka rangi na kuukausha kwa mashine!"

"Nisikilize, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Usiniite kabisa."

Alizima simu. Alipoiwasha baadaye ilitetemeka mkononi mfululizo kwa jumbe zake, akazifuta zote bila kusoma, kisha akajuta, kisha akakasirika kwa kujuta. Siku ile ikawa haina mahali pa kukaa. Alikwenda chumbani, akashuka, akazunguka mtaa, akanunua sigara ingawa hakuwa mvutaji. Bi Zorica aliwakana waandishi wa habari kwa tabasamu, akaomba Stana afungwe waya na fundi mwingine. Akaletwa msichana mwenye mikono ya moto, asiye na neno. Shingo ya Stana ikakataa kutulia.

Jioni ya fainali ukumbi ulikuwa unatikisika tangu kwenye misingi. Zamu yao ilikuwa bado mbali. Tijana alimvuta Stana ndani ya chumba cha kuvalia, akafunga mlango, akauegemea na magamba yake yote.

"Si yule kijana wako," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyewaambia gazeti."

Stana alikaa juu ya sanduku la vipodozi.

"Baba yangu ameirekodi ile sauti," Tijana aliendelea, na machozi yakaanza kuharibu kazi ya mpambaji. "Anawasikilizisha majirani. Anawasikilizisha wauza samaki. Halafu analia, dada. Analia kwa ajili yako, hajui. Nilidhani wakigundua watanirudisha nyumbani. Badala yake Bi Zorica amekana kila kitu, na mimi bado nimo ndani ya gauni hili."

"Sasa unataka nini?"

"Leo niimbe mwenyewe. Ikivunjika, ivunjike. Wewe unyamaze tu."

"Atanifukuza. Na mtu aliyefukuzwa na Zorica hapati kazi mahali pengine."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuamrishi."

Stana alitoka, na mkono wake ulikuwa tayari umeshapiga namba.

"Uko wapi?"

"Stana? Nimepokea kwa pua. Niko chini ya jukwaa." Sauti ya Relja ilikatikakatika. "Kiungio cha nyaya kimekufa. Nimelala chali, nashikilia waya wa wale wanaoimba sasa. Nikiuachia, nchi nzima inakuwa bubu."

"Usiuachie. Nakuja."

Aliingia kwa magoti katika nguo yake nyeusi, akitambaa kati ya vyuma na nyaya, huku juu yao watu kumi na mbuzi wa kuchonga wakiruka kwa mdundo uliotingisha meno. Vumbi lilimwagika kama unga. Alimkuta Relja amebana nyaya mbili kwa vidole, uso umejaa masizi.

"Si mama yako!" ilibidi apige kelele.

"Nini?"

"Nimesema si mama yako! Ni Tijana mwenyewe!"

Relja alifumba macho. "Mama amelia siku nzima. Amefunga saluni. Anasema amemharibia mwanawe mke."

"Mpigie umwambie afungue."

"Nimpigie kwa mkono gani?"

Stana akacheka, na kicheko kikageuka, akajikuta amelaza kichwa kwenye kifua chake, kwenye vumbi lile, na moyo wa Relja ukigonga kinyume na ngoma za juu. Akamweleza ombi la Tijana.

"Nisamehe kwa maneno yale ya simu," alisema. "Na niambie nifanye nini. Ile ni sauti yangu, Relja. Watu mamilioni wanaisikia, hata kama hawajui ni ya nani. Ndiyo mahali pekee ninapokuwepo. Nikinyamaza nabaki na nini?"

Alitarajia aambiwe unabaki na mimi. Wanaume wengine wangesema hivyo. Relja alifikiri, vidole vikimtetemeka kwa kuchoka.

"Sijui," alisema. "Nikiwa wewe, ningeimba. Ningekuwa na choyo nayo. Lakini usinisikilize mimi, mdomo wangu umeshatuponza mara moja."

Juu yao wimbo ulikwisha. Makofi yakaporomoka. Relja aliziachia nyaya, vidole havikunyooka, na Stana akavishika vyote kumi, akavipulizia pumzi mpaka vikakunjuka. Kisha akatambaa kurudi.

Nyuma ya pazia alisimama kwenye alama yake. Kupitia visikizi masikioni mwake Bi Zorica alikuwa anahesabu. Wimbo ulianza, ukapanda, na kwa upenyo mdogo aliona mabega ya Tijana yakiinuka. Kifua cha Stana kilijaa hewa chenyewe, kwa mazoea, kama mlango unaofunguka kwa upepo. Sauti ilikuwa pale, tayari, imeshafika kwenye ulimi.

Akaifunga.

Tijana alipiga ile sauti na ikapasuka katikati. Ukumbi ukaguna. Aliikamata upya, chini zaidi, ina mikwaruzo, ina pumzi ndani yake, akaivuta mpaka ikaisha. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata, si wote.

"Imba! Kwa nini huimbi? Imba!" Bi Zorica alikuwa bado anapiga kelele masikioni mwake, ingawa wimbo umekwisha. Stana akavichomoa visikizi.

Kura zilipohesabiwa, Montenegro ilikuwa karibu na mkia. Tijana alikuwa anacheka huku analia, simu sikioni: "Ndiyo, baba, ni mimi. Iliyovunjika ndiyo yangu." Bi Zorica alimwambia Stana maneno matatu tu: "Funga mizigo yako." Na Relja akatokea kwenye korido, mweusi kwa vumbi, akasimama mbele yake, watu wa farasi wakiwasukuma huku na huku.

"Nioe," alisema. Akashtuka. "Yaani nikuoe. Nataka kukuoa, Stana."

"Umechoka. Niulize kesho, mchana, ukiwa umenawa."

Kesho yake Stana alikuwa kwenye basi la Podgorica, njia ya kwao, dirishani, na gauni lake la njano, akiwaza atakavyomweleza mama yake kwamba hana kazi. Dereva alikuwa ameshafunga mlango. Relja alikuja mbio kati ya mabasi, amenyoa, amenawa, koti ameazima, mikono mifupi. Aligonga kioo. Alisema kitu. Stana akamjibu kitu. Kioo kilikuwa kinene, injini inanguruma, basi likarudi nyuma, likageuka, likaondoka. Alimwona akibaki peke yake kwenye moshi, mikono imeinuka juu kama mtu anayeuliza.

Simu ikalia kabla hawajafika kona.

"Sikusikia ulichosema!"

"Nimesema ndiyo."

"Sikusikii, kuna kelele hapa!"

"Ndiyo!"

"Ndiyo ipi?"

Stana akasimama kati ya viti, akajaza kifua, na ile sauti aliyoifunga jana ikatoka yote, ndefu, ya juu, bila pazia: "NDIYOOO, RELJA!"

Vioo vilitetemeka. Mtoto mchanga akaamka. Bibi mmoja wa kiti cha mbele, mwenye kitambaa cheusi kichwani, akageuka na yai la kuchemsha mkononi.

"Ndiyo nini, mwanangu?"

"Naolewa, bibi."

"Na unakwenda wapi sasa, ukimwacha?"

"Nakwenda kumwambia mama. Kisha narudi naye."

"Sauti hiyo, mama yako ameshasikia," bibi alisema, akampa lile yai. Na dereva, ambaye hakuwa ameulizwa, akaikalia honi mpaka walipouacha mji.