Jina la Nella

Odette aliwasha makaa, akapika uji, akamwekea mumewe bakuli. Dieudonné alikunywa kimya, akaenda kushona nguo sokoni, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kila siku ilikuwa hivyo.

Mtoto wao wa pekee, Nella, alikufa kwa homa walipokuwa wanakimbia vita kutoka Uvira, Kongo. Walimzika kando ya barabara, wakaendelea na safari. Kilio hawakufanya. Tangu wafike Malawi, hakuna aliyemwita Odette "Mama Nella" tena. Watu walidhani wanamhurumia. Yeye aliona wanamzika mtoto wake mara ya pili.

Wakigombana, walikwenda kwa mzee Zihindula, parrain aliyesimamia ndoa yao. Yeye, kama desturi ilivyo, alitafuta mwenye kosa. Leo mume, kesho mke. Mkosaji aliomba msamaha, wakaombewa, wakarudi nyumbani kununiana. Jina la marehemu alilikataza, akisema linachokonoa kidonda. Mzee alikuwa mwema, lakini kidonda kisichooshwa huoza.

Siku moja Odette alifunga nguo zake kwenye kitenge. Jirani yake, Annuarite, alimuuliza anakwenda wapi.

"Pale njiani tulimuacha mtoto," alijibu Odette. "Mi nimechoka kuishi."

Annuarite hakumkemea. Hakumwacha peke yake pia. Aliketi naye, akaagiza Dieudonné aitwe. Kisha akawaambia habari za Régine, mshauri nasaha wa mtaa wa Area 23, jijini Lilongwe, aliyemsaidia yeye mwenyewe alipofiwa na mume. Waliomba ruhusa ya kutoka kambini, wakapanda basi dogo.

Dieudonné alikwenda kwa shingo upande. Alidhani mshauri ni wa wendawazimu, na kwamba Jumapili kanisa zima litajua mambo yake. Régine aliwaeleza kwamba maneno yao hayatatoka chumbani, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Angeongea na kila mmoja peke yake, kisha wote wawili. Maombi yao waendelee nayo.

"Sasa nani iko na makosa?" aliuliza Dieudonné.

"Hapa hatukate kesi, papa. Niambie tu, mtoto alikuwa anaitwa nani?"



"Nella," alisema Dieudonné. "Alikufia kwa mugongo yangu. Nilisikia amekuwa baridi, nikaendelea kutembea. Niliogopa kuambia mama yake."

Odette hakupiga kelele. Alilia, kisha akasogeza kiti chake karibu na cha mumewe.

Sitakudanganya kwamba huzuni iliisha. Walirudi kwa Régine mara nyingi, na safari nyingine walirudi Dzaleka wamechoka kuliko walivyokwenda. Odette bado hulia. Lakini nguo zilitoka kwenye kitenge, zikatundikwa.

Asubuhi moja aliweka bakuli la uji mezani, akageuka kwenda zake. Dieudonné hakuligusa.

"Mama Nella," alisema, akimsogezea kiti, "ikala. Tukunywe pamoja."