Aibu ya Injinia

Siku Zabron Ndalahwa alipoingia kwenye steshenari ya Sekela, umeme ulikuwa umekatika tena, jenereta la jirani linamwaga moshi mlangoni, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yamejipanga hadi mbele ya kibaraza. Ndani vijana walikuwa wamebanana na vyeti vyao mkononi, kila mmoja anataka kuchapiwa CV. Ndiyo Tunduma hiyo, na mwaka 2014 ilikuwa hivyo hivyo, kelele kutoka alfajiri. Sekela alikuwa amefunga kitenge juu ya sketi yake ya kazi, kalamu kaichomeka kwenye nywele, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye ukimwambia kesho ndiyo mwisho wa dunia atashukuru kwamba hatafungua duka.

"Dada, kompyuta yako inaumwa," alisema mgeni akichungulia kioo kwa nyuma.

"Hata mimi naumwa. Panga foleni."

Vijana wakacheka. Mgeni naye akacheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe la mikono mirefu limenyooshwa pasi mpaka linakata, begi la kompyuta begani, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Hizi flashi za watu wote unazichomeka humo humo," alisema. "Zimekujazia virusi. Nipe nusu saa nikusafishie."

"Na wewe ni daktari wa wapi?"

"Wa Kamsamba."

"Kamsamba kuna ng'ombe, hakuna kompyuta."

"Ng'ombe ndio walionisomesha kompyuta. Mpaka leo baba ananiuliza hilo dude langu linatoa maziwa kiasi gani."

Sekela alicheka bila kupenda, akasogeza kiti. Zabron akakaa juu ya boksi la karatasi, akafanya kazi huku anaongea. Alikuwa anafunga programu za mauzo kwenye maduka ya jumla, pande zote mbili za mpaka, Tunduma na Nakonde ya Zambia. Kwa maoni yake, miaka michache ijayo kila kitu kingefanyika kwenye simu, hata kazi ya kuchapa ingekwisha.

"Heri iishe," Sekela alimjibu. "Nitapata kulala."

"Hupendi teknolojia, meneja?"

"Nilisoma kompyuta Mbeya mwaka mzima. Wakatuambia tutakuwa makatibu muhtasi wa wakurugenzi. Wakurugenzi wangu hawa hapa." Akawaonyesha vijana kwa kidevu. "Nawaandikia wote kwamba wanajua kompyuta. Hata kuiwasha hawajui."

"Tutajifunza hapo hapo kazini, dada," alijibu mmoja wao, na duka zima likaangua kicheko.

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye joto la mashine ya fotokopi. Zabron akawa anapita kila jioni akitoka Nakonde, mara kaleta maandazi, mara kaleta waya, mara hakuleta kitu. Sekela alikuwa na simu ya kitochi, Zabron alikuwa na simu ya kupangusa, na kila siku walibishana.

"Hicho kitochi chako tutakuja kukiimbia pambio la maziko," Zabron angemwambia usiku kwa simu.

"Hiki kinakaa na chaji wiki nzima, mpenzi. Hilo lako linakula umeme kuliko jokofu. Ukiniona sikupati ujue umekwisha chaji, na mimi nimekwisha hamu."

"Usiseme hivyo, kipenzi."

"Basi chomeka simu."

Vijana wa pale dukani walimwita Injinia, na jina lilimkaa. Alilipenda, jamani, hata kulificha hakuweza. Na jambo lililokuwa linampa sifa kubwa lilikuwa dogo sana. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Sasa ukiwa karibu na mpaka, simu inadaka mnara wa Zambia yenyewe, na saa inajirudisha nyuma bila kukuaga. Hata muuza karanga wa Tunduma analijua hilo. Zabron alikuwa akipita madukani akizirekebisha simu na kompyuta zisijibadilishe, na yeyote aliyesahau, Zabron alimcheka mbele za watu. "Mtu mzima unadanganywa na simu!"

Kisha kikaja kikwazo. Baba yake Sekela, mzee Yonasi, mkulima wa kahawa huko Isongole, Ileje, hakuwataka watu wa ng'ombe. "Hao wanahama," alisema kwa simu. "Leo wako Kamsamba, kesho hujui wako wapi. Nitakuachaje nyuma ya mtu anayehama?"

"Baba, huyu kazi yake ni kompyuta. Hana hata mbuzi."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Sekela alikuwa amepita thelathini. Alishachoka kuulizwa kanisani, alishachoka kuulizwa sokoni. Alimbembeleza baba yake mwezi mzima, hadi mzee akakubali kushuka Tunduma Jumamosi amwone huyo mtu kwa macho yake. Wakapatana saa nane mchana, kwa sababu gari la mwisho la kurudi Isongole lilikuwa saa tisa.

"Zabron, nakuomba," Sekela alimwambia. "Baba anakuja mara moja tu. Asipokuona, habari imekwisha."

"Meneja, mimi nichelewe? Mimi?"

Jumamosi ikafika. Mzee Yonasi alikuja na koti lake la kanisani na kofia ya pama, akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya vijana wa CV, fimbo katikati ya magoti. Sekela alivaa gauni la kijani alilolishonesha kwa siku ile, nywele kasuka upya. Saa nane ikafika. Ikapita. Alimpigia Zabron, na mashine ikamjibu kwamba namba haipatikani. Akatoka nje barabarani, akasimama juani akiangalia upande wa geti la mpaka. Siku hiyo malori yalikuwa yanapita bila shida, barabara nyeupe, na Zabron hayupo.

Mzee hakugomba. Ilipokaribia saa tisa aliinuka, akakung'uta koti.

"Mtu akikutaka anakuja, Sekela. Mimi nimetoka Isongole nimefika. Yeye anatoka hapo Nakonde tu."

Akaenda kupanda gari lake. Sekela alirudi dukani akakaa kwenye kile kiti cha plastiki na gauni lake la kijani, na hakuna kijana aliyethubutu kumwambia zamu yangu.

Saa tisa kamili Zabron akaingia. Alikuwa kavaa suti ya bluu, uso unang'aa mafuta, mfuko wa sukari na mikate mkononi, anatabasamu. Macho yake yakaenda kwenye saa ya ukutani. Tabasamu likafa. Akaitoa simu mfukoni, simu mpya aliyoinunua wiki ile ile, akaitazama haraka na kuirudisha.

Sekela si mjinga. Alikuwa mtu wa Tunduma. Alimuuliza taratibu, kwa sauti ya kumsaidia, "Simu yako imehamia Zambia?"

Vijana wote walikuwa wanamtazama Injinia wao.

"Mimi?" Zabron akacheka kicheko kikavu. "Mimi ninayewafundisha watu? Hapana bwana. Foleni. Malori yameziba njia pale getini."

"Malori."

"Ndiyo. Nimekwama kabisa, mpenzi. Mzee yuko wapi?"

Saa nzima Sekela alikuwa amesimama kwenye barabara hiyo hiyo.

Jioni akaja rafiki yake Jenista, anayebadilisha kwacha na shilingi pale mpakani. "Shoga, mambo yameendaje? Maana shemeji nilimwona Nakonde mchana, kapendeza na suti, kakaa kwenye duka la mama mmoja mjane, wanakunywa soda wanacheka. Nikasema, ah, huyu hana haraka kabisa!"

Sekela akachukua kitochi chake.

"Leo mchana ulikuwa na nani Nakonde?"

"Na mteja. Mama mwenye duka. Namalizia kazi yake."

"Mnacheka na soda. Na ile foleni ya malori ilikuwa humo dukani?"

Zabron angeweza kusema ukweli hapo. Hakusema.

"Usinipigie tena, Zabron."

Alipiga, tena sana. Hakupokelewa. Mvua zikaanza, barabara ikawa tope, na Sekela akaendelea kufungua duka na kufunga, kuchapa na kutoa kopi. Hakuwa akilia. Uchovu ulikuwa umemwingia mwilini kama malaria isiyopanda wala kushuka. Mama yake alipopiga kuuliza hali, alisema mzima, na baada ya kukata simu alijiona mwongo kama wengine.

Zabron alikuja siku ya masika, duka limejaa. Hakuwa na suti. Shati halikupigwa pasi. Alisimama kwenye foleni nyuma ya vijana mpaka zamu yake ikafika, akaweka flashi mezani.

"Nataka kuchapa barua. Nimepata kazi Dar. Kampuni ya kutengeneza programu. Basi langu ni kesho alfajiri."

"Hongera," alisema Sekela bila kuinua macho.

"Sekela, siku ile simu yangu ilihamia Zambia."

Mikono ya Sekela ikasimama.

"Ilikuwa mpya, nikasahau kuirekebisha. Nimekaa Nakonde nakunywa soda, najiona nina saa nzima mkononi. Nikaja hapa natembea na kupiga mluzi. Huyo mama wala si chochote kwangu, alikuwa ananicheka nilivyovaa suti."

"Injinia!" kijana mmoja akapasuka. "Ukadanganywa na simu!" Na duka zima likalipuka, wengine wanapigana mabega. Masikio ya Zabron yaliiva, lakini hakuondoka.

Sekela alisubiri kicheko kiishe.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza neno hilo hilo, hapo hapo uliposimama."

"Uliniuliza."

"Kwa hiyo uliona heri nikuone malaya kuliko nikuone umekosea saa."

"Ndiyo," alisema Zabron. "Ndivyo ilivyokuwa. Niliona aibu."

"Nililala na picha ya huyo mama miezi miwili, Zabron. Baba yangu amerudi mlimani anajua binti yake kakataliwa mbele za watu. Na wewe ulikuwa unalinda nini? Jina ulilopewa na vijana wasiojua hata kuwasha kompyuta! Hayo usiniambie mimi. Kamwambie baba yangu. Au panda basi lako."

Alimchapia barua yake, akamkabidhi. Usiku ule alikesha akijiuliza kama angeisikia honi ya basi la Dar.

Kesho yake mchana kitochi kikaita. Baba.

"Huyo mtu wako ameondoka hapa sasa hivi," alisema mzee Yonasi.

"Mtu gani, baba?"

"Wa ng'ombe. Kaja na mvua yote hii, kaniambia ujinga wake mbele ya mama yako na wajomba zako, hakubakiza kitu. Nikamuuliza, na uongo je? Akasema na uongo alisema." Mzee akakohoa. "Mimi nimekaa na mama yako miaka yote hii sijawahi kukiri kosa langu hata moja, na leo mama yako kanikumbusha hilo mbele ya wageni. Mimi nimemaliza yangu. Sasa ni kazi yako."

Sekela akasubiri. Jioni ikaanza kuingia, Zabron hajatokea. Alimpigia, simu ikaita bila kupokelewa. Isongole si mbali hivyo. Kapitia wapi tena? Alianza kuzima mashine moja moja, vijana wawili wa mwisho wakikusanya karatasi zao, ndipo Zabron akaingia, tope mpaka magotini, mkungu wa ndizi aliopewa na mama yake Sekela begani.

"Ulikuwa wapi?"

Zabron akafungua kinywa. Akawatazama wale vijana. Wale vijana wakamtazama.

"Nililala," alisema. "Usiku sikupata usingizi, nikalala garini. Nikapitilizwa pale njia panda ya Mpemba nilipotakiwa kushuka, nikaenda kuamshwa na konda stendi ya Vwawa. Na nilikuwa nakoroma. Konda anasema abiria walinihama siti."

Vijana wakacheka mpaka wakashika meza. Yeye amesimama tu na mkungu wake, anawaacha wacheke. Sekela naye kicheko kikamtoka, kikachanganyika na machozi.

"Na kazi ya Dar?" aliuliza alipopata pumzi.

"Niliwapigia nikawaambia siji leo. Wamesema watanitafuta."

Sekela alikuwa ameshawachapia CV watu wengi mno asijue maana ya jibu hilo. Hata yeye Zabron alijua. Akautua mkungu sakafuni polepole.

"Walete watu wako kwa baba," Sekela alisema.

"Watachelewa. Kamsamba mvua ikinyesha hivi hakupitiki. Sijui ni lini."

"Haya," alisema Sekela, na kumsogezea kiti. "Ilimradi unaniambia."