Mume Wangu Alitoa Siri ya Miluzi Yangu, Mimi Nikaitwa Msaliti

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Nauza samaki, migebuka ya kukaanga, hapa Misunkumilo, Mpanda, na naishi peke yangu kwenye chumba cha kupanga. Zamani nilikuwa na mume, nilikuwa na timu, nilikuwa na baba. Vyote vilinitoka kwa sababu ya fainali ya mpira wa miguu wa wanawake... Mnacheka? Chekeni tu. Hata mimi ningesimuliwa ningecheka.

Nimekulia Kabungu. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, na baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Basi mchungaji nikawa mimi. Baba akanifundisha miluzi ya kuswaga ng'ombe, ya kuwarudisha, ya kuwakusanya wakitawanyika. Shangazi zangu walinuna. Mwanamke gani anapiga miluzi kama mhuni! Baba akawaambia kama wanaona vibaya, waje wachunge wao. Hakuna aliyekuja.

Nilipoolewa nikaanza kudaka mpira kwenye timu ya Kabungu, ukoo ulipiga kelele upya. Mke wa mtu na bukta, mbele za watu! Baba ndiye aliyenitetea. Alikuja kila mechi na fimbo yake, akasimama nyuma ya goli langu. Siku moja akaniambia, "Mayu, mimi wananicheka kwa sababu yako. Sina neno. Ila usije ukaniaibisha kweli." Mayu maana yake mama, ndivyo alivyozoea kuniita. Maneno yale niliyabeba kila nilipovaa glovu.

Miluzi ya ng'ombe niliiingiza uwanjani. Mluzi mrefu, mabeki wanapanda. Wa kukatika-katika, wanarudi haraka. Wa kupandisha sauti mwishoni, natoka golini mwenyewe, wanipishe. Wapinzani walidhani napiga kelele tu. Nje ya timu yetu hakuna aliyejua maana yake.

Mwaka huo tukafika fainali. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, limetolewa na tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wapinzani wetu walikuwa timu ya Mpanda mjini. Kwa kuwa fainali ya mwaka uliotangulia iliishia kwenye mawe na matusi, waandaaji wakaamua safari hii zichezwe mechi tatu: moja kwetu, moja kwao, na kama hajapatikana mbabe, ya tatu kwenye uwanja usio wa mtu.

Kelele zilianza kabla mpira haujapigwa. Wao wakadai tuna mamluki kutoka kata ya Mamba. Sisi tukadai straika wao, Zuhura, hakuwa mkazi wa mjini. Wengine wakasema tumefukia dawa golini! Kamati ikakaa, ikasikiliza, ikatupilia mbali malalamiko yote.

Mechi ya kwanza tukawafunga mbili bila. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nije kwa mume wangu, Elias. Alikuwa fundi simu, kibanda chake kiko sokoni Mpanda mjini. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniuliza hata tumeshinda au tumeshindwa. Baada ya mechi ile akabadilika ghafla. Tukiwa tunapukuchua mahindi akaanza kuniuliza, ule mluzi una maana gani? Na ule mwingine? Akawa anaiga, anakosea, tunacheka wote. Jamani, nilifurahi! Nikasema mume wangu sasa ananiona. Nikamfundisha mmoja mmoja, kwa mapenzi, kama mjinga...

Mechi ya pili mjini ilikuwa balaa. Nikipiga mluzi mabeki wapande, Zuhura alishakimbilia nyuma yao. Nikitoka golini, mpira ulishapigwa juu yangu. Tulikula tatu bila majibu. Nahodha wetu, Pili, hakunisemesha njia nzima ya kurudi, na minong'ono ikaanza kwamba kipa kanunuliwa.

Nikamwomba Pili tubadilishe miluzi yote. Akakubali shingo upande. Na nilipofika nyumbani nikilia, nani alinifuta machozi? Elias. Akasema mmefanya vizuri kubadilisha, hebu nipigie hiyo mipya nikupime kama umeshaikariri. Nikampigia, na maana zake nikamtajia! Mtaniuliza sikushtuka? Sikushtuka. Mtu unayelala naye, unayempikia, utamshuku kwa lipi?

Mechi ya tatu tulienda sare ya moja moja hadi dakika za mwisho. Ikapigwa kona. Nikapiga mluzi mpya, wa kutoka. Kabla sijainua mguu, nikamsikia Zuhura akiwapigia kelele wenzake, "Anatoka! Anatoka!" Wakanizuia njia, yeye akafunga kwa kichwa. Mpira ukaisha. Dume likaenda mjini.

Pili alinifuata katikati ya umati akaniambia nivue jezi ya watu. Nikavua, nikabaki na fulana ya ndani. Nikamwona Elias pembeni, amesimama upande wa wapinzani. Pili akamuuliza kwa sauti, "Shemeji, mkeo katuuza au hajatuuza? Nyie mnaishi nyumba moja, sema."

Elias alikohoa kidogo. "Mimi siwezi kumsemea," akajibu. "Mengine hata mimi hunificha."

Kelele iliyolipuka hapo! Nikageuka nyuma ya goli kumtafuta baba. Aliyasikia yote. Aliniangalia, akashika fimbo yake, akaondoka bila kunisubiri. Mimi mwanawe...

Wiki hiyohiyo Elias akanitolea mabegi nje, kwamba hawezi kuishi na msaliti. Nikaja Misunkumilo. Baba naye akaswaga ng'ombe wake, akahamia upande wa Mpimbwe, watu wakasema ni kwa aibu. Nilitaka kumfuata. Kila nikijiandaa nilijiuliza, nitamwambia nini? Nina ushahidi gani? Nikajiapiza kwamba nitakwenda siku nikiwa na ushahidi mkononi, na yeye ndiye aone haya kwa kunidhania vibaya. Nilikuwa na hasira naye, sifichi.

Ushahidi ulikuja wenyewe, umebeba mimba. Zuhura alisimama mbele ya karai langu la samaki, analia. Elias alikuwa amemfukuza na yeye. Akaniambia walikuwa wapenzi tangu kabla ya fainali, na kwamba kila nilichomfundisha Elias, alikirekodi na kumtumia kwa simu. Sikuamini. Akatoa simu yake, akanisikilizisha.

Wasomaji, nimeshaumwa malaria, nimeshazaa mtoto nikamzika, lakini sijawahi kuumia kama pale. Ilikuwa miluzi yangu niliyofundishwa na baba, inatoka kwenye mdomo wa mume wangu, na mwisho wa kila mmoja anamwambia yule binti, "Huu maana yake wanapanda, mpenzi. Umeelewa?" Kwenye mmoja nilijisikia mwenyewe kwa mbali, nacheka jikoni...

Sikumpiga Zuhura. Nilimwambia twende Kabungu akaseme mbele ya timu. Akaenda, akasema yote. Pili alipiga magoti mbele yangu, akaniomba nirudi timuni. Nikamwambia ainuke, kesho nina safari ya kwenda kwa baba. Nikaona yeye na wenzake wanatazamana.

Baba alikuwa ameshazikwa. Homa ya siku chache tu, huko Mpimbwe. Ndugu zake hawakunipa taarifa, maana eti hakuna aliyetaka kumwona msaliti msibani.

Dada zangu, mume ambaye hajawahi kujali kazi yako akianza ghafla kutaka kujua kila kitu, usikimbilie kushangilia kama mimi. Nanyi viongozi wa timu, msimvue mtu heshima mbele ya umati kabla hamjauliza vizuri.

Lakini zaidi ya hayo, nawasihi jambo moja. Kama yuko mtu wako anayekudhania ubaya ambao hukuutenda, usikae kusubiri ushahidi. Mfuate leo, mikono mitupu, umwambie kwa mdomo wako kwamba hukufanya. Akikataa kuamini, basi amekataa akiwa hai. Mimi ushahidi niliupata, tena wa sauti. Wa kumsikilizisha ndiye sikumkuta.