Koti Nililolitoa Bila Kuuliza

Watu wananiita Fundi Kabati, ingawa sijawahi kushika randa wala msumari. Kazi yangu ni kuingia chumbani kwa mtu, kufungua kabati lake na kumwonyesha kwamba nguo anazozilalamikia kila asubuhi zinamtosha kabisa. Nampangia za kazini, za mtoko, za kipupwe na za kiangazi. Kanuni yangu ni moja: vitu vitatu vinyamaze, kimoja kiseme. Suruali nyeusi, sweta jeupe, buti za kahawia, halafu skafu moja nyekundu ambayo mtu ataikumbuka wiki nzima. Wapo wanaovaa vitu vinne, vyote vinapiga kelele kwa pamoja. Hao sina subira nao. Kwa kweli sina subira na mtu yeyote.

Kwenye picha zangu alikuwa anavaa mdogo wangu. Tunaishi wawili tu tangu mama afariki, na mimi ndiye niliyemlea. Anauza dawa kwenye duka la dawa. Ni mpole, hajui kupangilia hata soksi, lakini nguo ikimkaa imemkaa. Kila Jumapili nilimsimamisha dirishani, nikampiga picha, nikaziweka mtandaoni, na simu zikaanza kuingia. Kwa hiyo sikushangaa mama mmoja aliponipigia na kusema amempenda yule binti wa kwenye picha. Alisema binti yake naye anarudi nyumbani, baridi imeanza, na hana nguo za kueleweka. Wana umbo moja, alisema. Akaniomba nifike jioni hiyohiyo, na nije na kitu kimoja cha kusema.

Nilicheka. Nilidhani amesoma kanuni yangu mtandaoni.

Tatizo, siku hiyo sikuwa na kitu. Skafu zote zilikuwa kwa wateja. Ila nyuma ya mlango kulikuwa na koti la mdogo wangu, refu, la rangi ya haradali, lenye vifungo vitano vikubwa. Alilitamani mwaka mzima kabla ya kulipata. Mchana alirudi kula, jua likawa limetoka, akalivua na kurudi kazini bila koti. Kola bado ilikuwa na harufu ya mafuta anayopaka shingoni. Nikalikunja, nikalitia kwenye begi. Ndugu wa tumbo moja mnaulizana nini? Ningelirudisha kabla hajatoka kazini.

Kulikuwa kunaanza kuingia giza nilipofika. Ghorofa ya tatu, taa ya ngazi imeungua. Mlango ulifunguliwa kabla sijagonga. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, sketi ya kijivu, blauzi imefungwa mpaka kooni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, lakini macho yake yalikuwa kwenye begi.

Alinionyesha chumba cha binti yake, yeye akabaki mlangoni. Alisema si chumba chake, hawezi kuingia tu. Kulikuwa na kitanda kimoja, shuka imevutwa haina hata kunyanzi, na kabati la milango mitatu. Nilipofungua kabati, kwanza ilinipata harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu. Halafu, chini yake, harufu ya udongo uliolowa.

Nguo zilikuwa nzuri na zimepigwa pasi, zote kimya: nyeusi, kijivu, nyeupe. Kwa mazoea ya kazi nikapitisha vidole kwenye kwapa la blauzi, kuangalia kama limechakaa. Lilikuwa na unyevu. Nikashika la pili, la tatu. Zote zilikuwa na unyevu wa nguo iliyovuliwa sasa hivi, ila unyevu wenyewe ulikuwa wa baridi.

Nikamuuliza binti amefika wapi. Akasema yupo karibu.

Mimi nikipanga mavazi huwa nayalaza kitandani kama yanavyovaliwa. Sweta juu, suruali chini yake, mikono imenyooshwa, viatu sakafuni mwisho wa suruali. Mwenye nguo akisimama mlangoni anajiona alivyolala pale. Basi nikalaza sweta jeupe na suruali nyeusi, nikageuka kutafuta mkanda.

Nilipogeuka tena, mguu mmoja wa suruali ulikuwa umepanda juu ya mwenzake.

Nikajiambia nimeuvuta na begi. Nikaunyoosha. Nikainama kuchukua buti chini ya kabati, na nyuma yangu nikasikia shwaa... shwaa... kitambaa kinapita juu ya shuka. Nikainuka. Mikono yote miwili ya sweta ilikuwa imekunjwa juu ya tumbo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetafuta mlango. Niliogopa, sifichi. Lakini mavazi yalikuwa hayajakamilika, na nikiona mavazi hayajakamilika mikono inaniwasha. Nikajiambia nikishaliweka koti nitakuwa nimemaliza, nitaondoka. Nikalilaza juu ya sweta, bega kwa bega, nikaanza kufunga vifungo kutoka chini ili nione litakavyoanguka. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilikuwa kigumu kidogo kwa sababu kitambaa kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na kitu chini yake. Kilipanda taratibu mpaka kikagusa vidole vyangu, kikashuka, kikapanda tena.

Koti lilikuwa linapumua.

"Lilikuwa la nani?" mama aliuliza kwa kunong'ona pale mlangoni.

"La mdogo wangu."

"Alikupa?"

"Nimelichukua tu."

"Wewe ndiye mkubwa wake. Ukitoa wewe, ametoa yeye." Alikuwa analia. "Bado vifungo viwili, mwanangu. Malizia."

Nilisimama pale nimeshika kola, na yeye akaanza kunieleza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Binti yake alitoka jioni moja ya kipupwe na blauzi nyepesi, akalowa, kifua kikamchukua kwa siku tatu. Tangu hapo hajaondoka chumba hiki. Mama anamsikia akitetemeka. Amempigia pasi nguo zake zote miaka minne, hazimpashi joto. Mtaalamu mmoja alimwambia kinachohitajika ni nguo iliyotoka mwilini mwa mtu aliye hai, itolewe na mwenye haki ya kuitoa, ifungwe mpaka juu. Hakuniambia huyo aliye hai anabaki na nini, na sidhani kama aliuliza.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wangu.

"Dada, sijui nina nini. Nimesimama hapa dukani, kifua kinanibana... ni kama mtu ananifunga."

Nikaruka juu ya lile koti. Nikang'ang'ana na kifungo cha tatu mpaka kucha ikang'oka, hakikufunguka. Nikalivuta kwa mikono miwili, likawa zito, uzito wa mtu mzima aliyelala fofofo. Halafu mkono wa koti ukainuka ukatua juu ya kiganja changu. Haukunishika. Ulilala tu pale, kama anavyofanya mdogo wangu akitaka niketi.

Nikakimbia. Koti nikaliacha.

Mdogo wangu hakufa. Kwa vifungo vitatu mtu hafi, nimejifunza hivyo. Ila tangu jioni ile hakupata joto. Tulizunguka kwa madaktari, wakapima damu, mapafu, moyo, wakasema mzima. Kiangazi kikaingia, watu wanatembea na kanga mabegani na viatu vya wazi, yeye amekaa juani saa saba mchana amevaa masweta mawili na midomo imempauka. Nilimwambia koti lilipotelea kwa dobi. Akasema si kitu dada, ni nguo tu. Nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili asinisikie nikilia. Kila wiki nilipanda zile ngazi na kugonga mlango ule, hakuna aliyefungua, ingawa ndani nilisikia henga za kabatini zikigongana. Nilikuwa silali vizuri, sikai, napanga kabati letu na kulipangua.

Kisha ukaja ujumbe wa yule mama kwenye simu. Joto limeanza, uliandika. Atahitaji gauni jepesi. Njoo na kitu cha kusema.

Nilikwenda mchana kweupe. Nilivaa gauni langu la kijani lenye maua makubwa ya chungwa, ambalo wateja wananitambulia nalo ng'ambo ya barabara, na kwenye begi nikatia la kubadilisha. Mama alifungua. Chumbani koti lilikuwa palepale kitandani, vifungo vitatu vimefungwa, linapanda na kushuka. Nikamwambia nataka kulichukua, na badala yake nitaacha nguo yangu, ya mwilini mwangu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Alisema kwa vifungo vitatu binti yake hawezi hata kusimama, analala tu. Labda hii itamfaa zaidi.

"Unajua unachotoa?" aliniuliza.

"Najua," nikasema.

Sikujua. Nilichojua ni midomo ya mdogo wangu. Nikashika kile kifungo cha tatu, safari hii kikafunguka kwa kidole kimoja, cha pili na cha kwanza vivyo hivyo, na koti likalala bapa kama koti lolote. Nikavua gauni. Nikalilaza lingali na joto langu, nikanyoosha mikono yake, nikaanza kufunga vile vifungo vidogo vya mbele, tisa, kutoka chini. Kufikia cha sita nilikuwa natetemeka kwa baridi. Cha nane vidole vilikufa ganzi. Cha tisa nilikifunga kwa meno, nimeinama kabisa, na hapo shingoni pa gauni nikasikia mtu akivuta pumzi ndefu... ya mtu aliyepata nafuu.

Nikavaa lile la begini, nikatoka bila kugeuka nyuma. Nilikuwa kwenye ngazi, koti limekumbatiwa kifuani, simu ilipolia. Mdogo wangu alikuwa anauliza nimeweka wapi feni. Alisema anaungua, kajimwagia maji mara mbili, akauliza nimekuwa nikiishije na joto hili. Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa miezi. Nikakaa kwenye ngazi za watu nikalia kwa furaha, na ningetoa gauni lingine hapohapo kama ningeombwa.

Baridi niliizoea. Mtu anavaa tu, na kuvaa ndiyo kazi yangu. Lililonianza ni jingine. Mwalimu mmoja, mteja wangu, alinipigia kusema aliniona sokoni, nimependeza, ila nimempita bila kumsalimia. Siku hiyo sikutoka nyumbani. Wiki iliyofuata fundi cherehani wa mtaani kwetu akanishukuru kwa kumpangia kabati lake la kiangazi. Nilimuuliza nilimpangia nini. Akanitajia kitu kwa kitu, na sikuona hata kimoja ambacho ningekibadilisha.

Nikawa nadhoofika, siku nyingi niko kitandani. Watu nao wakaacha kunipigia. Mdogo wangu alikuwa akipita mlangoni kwangu kwenda kazini bila kuchungulia, nikajiambia ana haraka.

Leo asubuhi nilisikia ufunguo ukizungushwa kwenye mlango wa nje. Funguo tunazo mbili tu, wa kwangu uko chini ya mto. Zikaja hatua za taratibu mpaka jikoni, alipokuwa mdogo wangu. Akasema, umerudi mapema. Akasema gauni hilo la maua na mkanda huo vimekaa vizuri mno.

"Dada, siku hizi umetulia. Nilikuwa naogopa kukwambia, lakini napenda ulivyo sasa."

Nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu zangu zote. Nikasikia kiti kikivutwa, mtu akikaa, na mdogo wangu akimmiminia chai.